Mama Lishe Si Mshitakiwa Pekee

Jumanne moja ya mwaka jana, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa kwenye kituo cha daladala nikisubiri usafiri wa kwenda kazini, nikaona sufuria ya maharage ikimwagwa mtaroni. Mgambo wanne walishuka garini wakifuatana na ofisa aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi barabara. Hawakusema mengi. Mmoja alikunja meza, wa pili alilibeba jiko kwa kipande cha kanga, wa tatu akaipindua sufuria. Mwanamke mwenye mali alikuwa bado ameshika upawa. Alipouliza kosa lake, ofisa alimjibu kwa neno moja tu: "Usafi."

Nimelitafakari neno lile kwa muda mrefu. Maharage yale yalikuwa yakitokota. Kwa yeyote aliyesoma biolojia ya sekondari, maharage yanayotokota tangu alfajiri ndiyo kitu kilichokuwa salama kuliko vyote mahali pale, ukiwamo mkono wa aliyeyamwaga. Hatari ilikuwa hatua mbili kando, chini ya benchi: beseni la plastiki lenye maji ya kijivu yaliyokwisha kuosha vikombe na sahani za wanywaji chai wa alfajiri, na pembeni yake bakuli la kachumbari lililofunikwa kwa gazeti. Hivyo viwili havikuguswa. Gari lilipoondoka, mama yule aliokota beseni lake na bakuli lake, akavuka barabara, na saa nne asubuhi alikuwa anauza chapati kwa wateja walewale.

Hiyo ndiyo sera yetu ya usalama wa chakula cha mitaani ikionekana kwa macho. Tunaua kinachochemka na kukiacha hai kinachoua. Nasema "tunaua" kwa makusudi, kwa sababu wengi wa wanaosoma ukurasa huu ni watumishi wa umma au watakuwa watumishi wa umma baada ya kuhitimu, na mimi mwenyewe hula mshahara wa umma. Hatuwezi kujitenga na shati lile jeupe.

Tuanze na lililo wazi. Chakula kichafu kinaua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 600 duniani huugua kwa sababu ya chakula kilichochafuliwa, na 420,000 kati yao hufa; katika kanda ya Afrika pekee, vifo vilikadiriwa kuwa 137,000. Katika idadi ile ya dunia, watoto walio chini ya miaka mitano waliokufa walikuwa 125,000. Hizi si takwimu za kuwatishia wafadhili. Ni kuhara, ni homa ya matumbo, ni kipindupindu, maradhi ambayo kila familia ya Manzese, Buguruni au Mbagala inayajua kwa majina na kwa makaburi. Anayesema kwamba mjadala huu ni kisingizio cha matajiri kuwaonea maskini ajibu kwanza swali hili: nani anakula kwa mama lishe? Ni mpagazi wa sokoni, kondakta, fundi ujenzi, mlinzi, mwanafunzi aliyecheleweshewa mkopo. Sahani chafu haimfikii mwenye gari la kiyoyozi. Inamfikia yule ambaye siku tatu za kulala na kuhara ni siku tatu za watoto wake kulala na njaa.

Kwa hiyo sina huruma na wanaharakati wenzangu ambao kila linapozungumzwa suala la usafi wa vibanda hukimbilia kusema "waacheni watu watafute riziki". Riziki ya mmoja haiwi halali kwa tumbo la mwingine. Nimewahi kukaa na vijana werevu wa chuo walioandika waraka mzima wa kuwatetea wauza chakula bila kuwa na aya hata moja inayomzungumzia mlaji. Walimtetea mpishi kama alama ya tabaka, wakamsahau kibarua aliyekaa kwenye benchi lake. Huo nao ni aina ya dharau: kudhani kwamba maskini hana haki ya kudai sahani safi, kwamba yeye kushiba tu kunamtosha.

Lakini ugomvi wangu mkubwa uko upande wa pili, upande wenye gari, mgambo na sheria ndogo.

Historia ya dola yetu na mchuuzi ni historia ya kufukuza. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvu kazi, na mitaa ya Dar es Salaam ikasombwa watu walioitwa wazururaji, wauza vyakula wadogo wakiwa miongoni mwao. Mlipuko wa kipindupindu ulipoanza jijini Agosti 2015, mamlaka zilipiga marufuku uuzaji wa vyakula maeneo ya wazi. Desemba mwaka huohuo, sherehe za Uhuru za tarehe 9 zilifutwa na taifa zima likaambiwa lishike mafagio. Tulishika. Mimi nilifagia mbele ya nyumba yangu na kupiga picha, kama wengine. Kipindupindu kiliendelea 2016, kikaendelea 2017, wagonjwa wakapindukia 20,000. Bakteria wa kipindupindu hawaishi kwenye majani makavu ya mwarobaini tuliyokuwa tukiyafagia. Wanaishi kwenye maji yaliyoingiwa na kinyesi. Ufagio hauwezi kusafisha kisima kilichochimbwa mita chache kutoka kwenye choo cha shimo.

Kisha likaja pambo jingine. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 na kuahidiwa kwamba atakayekuwa nacho hatabughudhiwa. Oktoba 2021 wakaondolewa kandokando ya barabara kwa jina la kuupanga mji. Sina haja ya kubishana hapa juu ya nani alikuwa sahihi kati ya aliyewaweka na aliyewaondoa. Ninachouliza ni hiki: katika kuwekwa na katika kuondolewa, bomba la maji liliingia wapi? Mwanamke huyohuyo amekuwa mzururaji, mgonjwa wa kuambukiza, mjasiriamali na kero, kutegemea mwaka. Hata jina lake tumelisafisha, tukalitoa kwenye "mama ntilie", ambalo lilitokana na wateja wake waliosema "mama, nitilie", tukamwita "mama lishe", jina lenye harufu ya semina. Jina limesafishwa, maji ya beseni ni yaleyale.

Nilirudi kituoni pale wiki mbili baadaye, nikazoea kula hapo, na hatimaye mama yule akakubali tufanye hesabu pamoja. "Dokta, wewe andika tu, ila jina langu usiliandike," alisema, na sitaliandika. Hesabu yenyewe ni hii. Hununua maji ya dumu kwa mwenye mkokoteni, lita 20 kwa shilingi 300. Kwa siku hutumia madumu sita: matatu ya kupikia na kunywesha, matatu ya kuosha vyombo na kunawisha. Ni shilingi 1,800. Siku njema huuza sahani 70 za shilingi 2,000, na baada ya kutoa mchele, unga, maharage, dagaa, mafuta, mkaa, ushuru na nauli, hubaki na shilingi kati ya 10,000 na 12,000.

Sasa tuulize gharama ya usafi. Nilikaa nikahesabu: maji ya kuoshea hubadilishwa mara mbili tu kwa siku nzima, kwa sababu maji ni fedha. Ili kila sahani ioshwe kwa sabuni kisha isuuzwe kwa maji safi, na maji yabadilishwe kila baada ya sahani kumi hivi, angehitaji walau madumu sita zaidi. Hiyo ni shilingi 1,800 nyingine, karibu moja ya sita ya pato lake la siku njema. Mtumishi wa umma unayenisoma, chukua karatasi yako ya mshahara, ukate moja ya sita, kila mwezi, bila kurudishiwa, kwa ajili ya afya ya watu usiowajua. Ukimaliza, njoo umfundishe yeye juu ya "mabadiliko ya tabia".

Na bado kuna jambo la aibu zaidi katika hesabu hiyo. Dumu la lita 20 kwa shilingi 300 maana yake ni shilingi 15,000 kwa uniti moja ya lita 1,000. Tafadhali tafuta ankara yako ya maji ya nyumbani utazame unalipa kiasi gani kwa uniti. Maji ya mpishi wa maskini ni ghali mara kadhaa kuliko maji ya anayemwagilia ukoka wake. Halafu huyu wa kwanza ndiye anayeitwa mchafu.

Yeye hulipa ushuru wa shilingi 500 kila siku ya kazi, na risiti ya mashine hupewa. Eneo lile lina wapishi wapatao 40. Kwa siku 26 za mwezi, hiyo ni shilingi 520,000; kwa mwaka ni zaidi ya milioni sita, zilizokusanywa kutoka kwenye mita chache za lami. Nilimuuliza fundi bomba ninayemwamini, naye akaniambia kwamba sehemu tu ya fedha hizo inatosha kuvuta maji, kununua tangi na kujenga karo lenye koki na mfereji wa kutolea majitaka. Ushuru umekusanywa kwa miaka. Karo halipo. Katika lugha ya kawaida, anayepokea malipo ya huduma bila kuitoa ana jina lake. Katika lugha ya serikali za mitaa anaitwa mamlaka ya mapato.

Kuna wanaodhani kwamba ugonjwa ni sifa ya kibanda, na kwamba jengo la vioo ni dawa yake. Nawakumbusha Nairobi. Juni 2017, washiriki wa mkutano uliofanyika katika hoteli ya jijini humo walipata kipindupindu, na zaidi ya watu 100 walitibiwa. Mwezi uliofuata, zaidi ya 100 wengine waliugua baada ya maonesho ya biashara yaliyofanyika katika jumba kubwa la mikutano la jiji hilohilo, na mawaziri walikuwa miongoni mwa waliolazwa. Hapo hapakuwa na jiko la mkaa wala benchi la mbao. Palikuwa na vitambaa vyeupe vya mezani. Bakteria haulizi leseni.

Tusogee juu zaidi ya sufuria, mahali ambako mpishi hana uwezo hata angekuwa malaika. Mchicha anaounyambua umetoka wapi? Kwa miaka mingi mboga za jijini zimelimwa kwenye kingo za mto Msimbazi na vijito vyake, mto unaopokea majitaka ya viwanda, ya vyoo na, kwa muda mrefu, ya machinjio. Wanasayansi wa vyuo vyetu wamepima udongo, maji na majani yake zaidi ya mara moja, wakakuta madini yenye sumu. Vimelea huweza kufa kwenye sufuria. Risasi na kadimiamu hazifi. Unga je? Mwaka 2016 watu takriban 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Nchini Kenya, mwaka 2004, walikufa 125. Sumukuvu haionekani kwa macho, haina ladha ya kumshtua mlaji, na moto wa ugali hauimalizi. Kiwango cha juu kinachokubalika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo moja ya nafaka, kipimo ambacho hakuna mama lishe anayeweza kukipima kwa mwiko. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu hiyohiyo, simu za viongozi zililia usiku kucha na ujumbe ukatumwa haraka. Natamani siku moja nione haraka ya namna ile mlaji anapokuwa Mtanzania aliyekaa kwenye benchi.

Pana mkanganyiko wa kitaasisi ambao wanafunzi wangu wa utawala wa umma hupaswa kuusoma kama mfano. Hadi 2019, usalama wa chakula ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2003. Mwaka 2019 chakula kilihamishiwa Shirika la Viwango, na mamlaka ile ikabaki na dawa na vifaa tiba. Shirika la Viwango kwa asili yake ni mtu wa viwanda: anajua pakiti, lebo, tarehe ya kwisha muda. Sahani ya wali haina lebo. Kazi ya kila siku ya kuitazama ikabaki kwa maafisa afya wa halmashauri, na hao nawafahamu, nimewafundisha baadhi yao. Ni wachache, hawana usafiri, hawana vifaa vya kupimia maji, na mara nyingi hupangiwa kuandamana na mgambo ili operesheni ipate sura ya kitaalamu. Bwana afya aliyesomea vimelea miaka mitatu hugeuzwa muhuri wa kumwaga maharage. Mmoja aliwahi kuniambia kwamba katika mwaka mzima hakuwahi kuchukua sampuli hata moja ya maji ya kuoshea vyombo. Hana chupa za kuchukulia.

Matokeo ya ukimya huo wa kitaalamu ni uvumi. Mnaujua: nyama hulainishwa kwa vidonge vya maumivu, chipsi hukaangwa kwa mafuta ya transfoma, na kadhalika. Baadhi ya uvumi huo huenda una chembe ya kweli, mwingi hauna, lakini sishangai kwamba unaaminika. Mahali ambapo hakuna ripoti ya ukaguzi iliyobandikwa ukutani, mwananchi hujitungia ripoti yake. Na wakati tunanong'onezana juu ya transfoma, tunalisahau lililo mbele ya macho yetu: wali uliofunikwa kwa nailoni ukitoa jasho, mchuzi wa jana uliopashwa uvuguvugu tu, matunda yaliyokatwa tangu asubuhi yakisubiri mnunuzi saa tisa, mkono uleule ukipokea noti na kushika chapati. Hayo yote ni hatari halisi, na hakuna hata moja linalohitaji mgambo kulirekebisha.

Na tusiambiwe kwamba haliwezekani. Mwaka 2020, katika miezi ya hofu ya korona, kila genge la jiji hili lilikuwa na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Hapakuwa na semina. Ndoo zilipatikana kwa wiki chache, wateja wakanawa kabla hawajaulizwa, wapishi wakajivunia. Nilitarajia, kwa ujinga wa msomi, kwamba tumevuka. Leo zitafute. Hofu ilipoondoka, bei ya maji ilibaki palepale, na ndoo ikarudi kuwa ya kulowekea maharage.

Singapore hutajwa sana na viongozi wetu wanapotaka kuhalalisha kuwaondoa wachuuzi, nami nawashauri wamalize kuisoma hadithi hiyo. Ni kweli waliwaondoa wachuuzi barabarani. Lakini kwanza waliwaandikisha, mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha wakawajengea vituo vyenye maji, umeme na mifereji ya majitaka, wakiwahamisha kidogo kidogo hadi 1986. Mwaka 2020 utamaduni wa vituo hivyo uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO. Ile ni nchi ndogo yenye fedha na yenye mkono mzito, wala siihusudu katika kila kitu. Nachukua jambo moja tu: walijenga kabla ya kubomoa. Sisi tumejifunza nusu ya pili ya sentensi.

Nini kifanyike? Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 ipo. Sidai sheria mpya. Nadai mpangilio uliopinduliwa uwekwe sawa. Halmashauri isiruhusiwe kukusanya ushuru wa chakula mahali ambapo haijaweka koki, karo na choo ndani ya mwendo wa dakika mbili. Bwana afya atenganishwe na mgambo, apewe chupa za sampuli, na anachokikuta kibandikwe hadharani penye kibanda, kizuri kwa kibaya. Upimaji wa afya wa wapishi uwafuate walipo, kwa bei wanayoiweza, badala ya kuwafungisha biashara siku nzima wakatafute cheti ambacho wengine huishia kukinunua bila kupimwa. Unga upimwe kwenye mashine na kwenye maghala, kabla haujafika kwenye mwiko. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, ikubali kugharimia tangi la pamoja la wapishi wa eneo moja. Na mpishi ambaye amewekewa hayo yote kisha akaendelea kuosha sahani 35 kwa beseni moja la maji, huyo afungiwe, nami nitakuwa wa kwanza kuunga mkono.

Wanafunzi wamekuwa wakiniuliza wao waanzie wapi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mabaraza ya madiwani hujadili makisio ya bajeti miezi kadhaa kabla ya hapo. Nendeni kwa diwani wa kata mnayokula chakula cha mchana. Mwombeni tarakimu mbili tu, kwa maandishi: kiasi cha ushuru kilichokusanywa mwaka uliopita kutoka kwa wauza chakula wa kata hiyo, na kiasi kilichotumika kuwawekea maji. Tarakimu hizo zikipatikana, nitumieni. Nitazichapisha hapa kata kwa kata, kama zilivyo.